Somo la 41: Kioo cha Kompyuta Kimeingia Giza

Watoto, ninyi nyote mmekwisha kuona kompyuta, katika ofisi ya parokia, au katika dispensari ya Masista, au katika nyumba ya mtu anayepiga chapa barua za watu. Kompyuta ina sehemu nyingi. Kuna sanduku ambamo kazi zote za hesabu na maandiko hufanyika, kuna ubao wa herufi, tena kuna kioo. Leo tutasema habari ya kioo peke yake. Kioo ni uso wa kompyuta, si kichwa chake. Mtu akifunikwa uso kwa kitambaa haachi kufikiri. Neno hili mlishike, maana wengi hulisahau siku ile kioo kinapoingia giza, wakaanza kulia kwamba maandiko yao yamepotea.

Kioo hutoaje picha? Yatazameni madirisha ya rangi katika kanisa kubwa. Asubuhi jua likiwa nje, mnaona vazi la buluu la Bikira Maria, mnaona nyekundu na manjano, yote yanang'aa. Rudini usiku, mtazame dirisha lile lile mkiwa ndani. Ni jeusi. Je, rangi zimekufa? Hapana, ziko. Ila jua lililokuwa nyuma yake limekwenda.

Kioo cha kompyuta ni dirisha la namna hiyo. Mbele kuna ubao mwembamba wa kioo, na ndani yake mna kiowevu kiitwacho kristali ya majimaji. Kiowevu hicho hakitoi nuru hata kidogo. Kazi yake ni kufungua na kufunga njia ya nuru, kama mapazia madogo mno, na mapazia hayo ni zaidi ya milioni moja katika kioo kimoja. Nuru yenyewe hutoka nyuma. Katika vioo vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 2010 hivi, mara nyingi hutoka katika taa za mrija, nyembamba kuliko kalamu yako. Katika vioo vya siku hizi hutoka katika taa ndogo sana ziitwazo LED.

Aliyeiona kwanza kristali ya majimaji hakuwa fundi wa umeme. Alikuwa mtaalamu wa mimea, Mwaustria aitwaye Friedrich Reinitzer, naye alikaa katika mji wa Prague. Mwaka 1888 alikuwa akichunguza kitu kilichotoka katika karoti. Alikipasha moto, nacho kikayeyuka kwenye joto la digrii 145, kikawa kama maziwa. Akaongeza moto, na kwenye digrii 178 kikawa cheupe kama maji safi. Alishangaa, kwa maana kitu kimoja hakiyeyuki mara mbili. Hakujua kwamba miaka mingi baadaye watu wangesoma barua zao kwa njia ya kitu cha namna ile.

Basi sikilizeni habari ya shule moja.

Siku ya posho asubuhi, Mwalimu Mkuu alimwita fundi. Fundi akaja na mwanafunzi wake, kijana wa miaka kumi na sita. Walimkuta Mwalimu Mkuu amekaa mbele ya kioo cheusi, mikono kichwani.

"Fundi, mashine imekufa," alisema. "Majina ya watoto wa darasa la sita yamo humo, wote 64, pamoja na siku zao za kuzaliwa. Inspekta anayangoja siku ya kwanza. Mtoto asiyeandikwa hatafanya mtihani wa taifa."

"Nani alikuambia imekufa, Bwana Mwalimu?"

"Mfanyabiashara mmoja wa mjini. Alisema ninunue kioo kingine kwa dola 120. Wazazi watazitoa wapi?"

Fundi hakushika bisibisi. Alivuta kiti, akauliza maswali kama vile daktari anavyomwuliza mgonjwa kabla ya kumgusa. Giza lilianza lini? Lilikuja mara moja, au polepole? Ile taa ndogo iliyo chini ya kioo inawaka?

"Inawaka, ya buluu," alijibu Mwalimu Mkuu. "Kwanza, miezi miwili iliyopita, kioo kilikawia kuwaka. Nilikizima na kukiwasha mara tatu, mara nne, kisha kikakubali. Juma lililopita mara kumi. Tangu jana kinawaka kidogo tu, nusu ya Salamu Maria haijaisha, giza."

Fundi akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jina la jirani yake. Kijana akauliza, "Baba, na kama taa ndogo isingewaka?"

"Hapo, mwanangu, ningeanza ukutani. Ningechomeka taa nyingine katika soketi ile ile nione kama umeme upo. Ningeusukuma waya wa umeme mpaka mwisho kule nyuma ya kioo, maana hulegea mtu anapofagia meza. Ningejaribu waya mwingine. Watu wamelipa fedha nyingi kwa sababu ya waya uliolegea."

"Na kama ingekuwa ya rangi ya chungwa?"

"Katika vioo vingi rangi hiyo maana yake, 'Mimi ni mzima, lakini kompyuta hainiambii neno.' Kioo kimelala. Basi tazama ule waya wa picha unaotoka kompyuta kwenda kwenye kioo. Ukiwa na kichwa chenye sindano ndogo, hesabu zilizopinda. Tena kuna njia nyepesi ya kujua: ng'oa waya wa picha, uwashe kioo peke yake. Kikiandika maneno yake chenyewe, kwamba hakipati picha, basi taa zake ni nzima na ubao wake ni mzima. Ubaya uko katika waya au katika kompyuta. Usikifungue bure."

Kisha fundi akafunga madirisha ya ofisi, chumba kikawa giza. Akabonyeza kitufe. Nuru ikaja, majina yakaonekana, na baada ya sekunde mbili yote yakatoweka. Lakini taa ndogo ya buluu ilibaki inawaka. Fundi akatoa tochi mfukoni, akailaza karibu sana na kioo, upande upande.

"Njoo, Bwana Mwalimu. Tazama hapa penye nuru ya tochi."

Mwalimu Mkuu akainama. Ndani ya ule weusi aliona herufi, hafifu kama maandishi ya chaki yaliyofutwa vibaya. Akasogeza uso zaidi. Akasoma jina la kwanza, akasoma la pili. Akaondoa miwani, akafuta macho.

"Yapo," alisema. "Yapo yote!"

Alitaka kuchukua karatasi na kuyanakili kwa nuru ya tochi, jina kwa jina. Fundi akamwomba angoje kwanza. Lakini mwone akili ya jambo lile. Tochi haikutengeneza kitu. Ilifanya kazi ya jua katika dirisha la kanisa, ijapokuwa jua hilo lilikuja kwa upande wa mbele. Tangu saa ile fundi alijua mambo matatu: kompyuta ni nzima, mapazia ya kioo ni mazima, na ubaya uko katika taa za nyuma au katika umeme unaozilisha. Kama tochi isingeonyesha kitu chochote, angetafuta njia nyingine.

Kwa nini taa huwaka sekunde mbili kisha kufa? Taa zile za mrija zinataka umeme wenye nguvu kubwa ili ziwake, zaidi ya volti 1,000 mwanzoni. Kwa hiyo mna kifaa ndani kiitwacho inveta, ambacho hupandisha volti hizo. Kifaa hicho kina mlinzi wake. Mlinzi akiona taa moja haivuti umeme kama inavyopasa, au umeme unaoingia unayumba, huzima taa zote upesi ili moto usitokee. Mlinzi huyu si adui. Asiyemfahamu humlaani, na wako mafundi wanaomkata kwa waya ili kioo kiwake kwa nguvu. Hiyo ni kazi mbaya, maana nyumba yaweza kuungua.

Watoto, hapa simameni. Yafuatayo si kazi yenu. Mtayafanya mkiwa wakubwa, mmejifunza, na mko pamoja na fundi. Umeme wa ukutani katika nchi yetu una volti 220. Ukiingia katika kioo hugeuzwa, na hujaza kondensateri moja kubwa kama kidole gumba, nayo hubaki na volti 310 hivi. Ukichomoa waya, kondensateri hiyo yaweza kukaa bado imejaa. Mtu hufikiri, "Nimekwisha kuchomoa, hakuna hatari," akaweka kidole. Umeme huo waweza kumwangusha, na kama moyo wake ni dhaifu, waweza kumwua.

Na vile vioo vya zamani, vile vinene vyenye mgongo kama televisheni ya babu, msivifungue kabisa. Chupa kubwa iliyo ndani yake hushika umeme wa volti 25,000 hivi, hata baada ya kuzimwa. Mtu asiyefundishwa kazi hiyo aviache kama vilivyo.

Fundi wetu alichomoa waya, akangoja. Akakilaza kioo kifudifudi juu ya blanketi. Akaondoa mguu na skrubu, kisha akaufungua ukingo kwa kadi ya plastiki, si kwa bisibisi, kwa sababu chuma hukwaruza na kuvunja meno ya plastiki. Ndani mlikuwa na vibao viwili: kimoja cha umeme, kimoja cha picha. Akachukua taa ya zamani ya volti 220, ile yenye uzi ndani, iliyofungwa nyaya mbili zenye ngozi nzuri ya plastiki, akagusisha ncha zake kwenye miguu miwili ya kondensateri kubwa. Taa ikamweka kidogo, ikazimika. Umeme uliobaki umekunywewa. Kisha akapima kwa multimita, maana macho hayaoni volti. Kipimo kilionyesha volti 2. Ndipo akatia mkono.

"Tazama, mwanangu. Unaona nini?"

Kijana akatazama safu ya vikopo vidogo. "Hivi vitatu vimevimba kichwa, Baba. Vingine ni bapa."

"Umesema vema. Ndiyo ugonjwa."

Tueleze kidogo kondensateri ni nini. Mama zenu huweka mtungi wa maji nyumbani. Maji ya chemchemi huja pengine mengi, pengine machache, lakini atekaye mtungini hupata maji sawasawa. Kondensateri ni mtungi wa umeme. Umeme unaotoka ukutani hupanda na kushuka mara nyingi kila sekunde, mtungi huulainisha. Ndani yake mna karatasi mbili nyembamba za aluminiamu zilizokunjwa pamoja, na kati yake karatasi iliyolowana dawa ya majimaji. Dawa ikikauka au ikigeuka gesi kwa sababu ya joto, mtungi hauna kitu tena. Taa zinapoomba umeme mwingi mara moja, mtungi mtupu hauwezi kutoa, volti zinaanguka, na mlinzi anazima. Ndiyo sababu ugonjwa ulianza kwa kukawia, ukaendelea pole pole.

Juu ya kikopo mna alama ya msalaba, au ya herufi K, iliyochorwa ndani ya chuma. Si pambo. Hapo chuma kimepunguzwa ili gesi ikizidi kitoboke taratibu, kisilipuke. Kati ya mwaka 1999 na 2007 viwanda vingi viliuza kondensateri zenye dawa mbaya, na mashine nyingi duniani zilikufa kabla ya wakati wake. Vioo vya miaka ile viko bado katika shule nyingi, kwa kuwa vilifika kwetu vikiwa vimekwisha kutumika mahali pengine.

Fundi alimwagiza kijana asome maandiko yaliyo kwenye vikopo. Viwili viliandikwa mikrofaradi 1000, volti 25. Kimoja, mikrofaradi 470, volti 25. Mikrofaradi ni ukubwa wa mtungi. Jina hilo latoka kwa Michael Faraday, Mwingereza, mtoto wa mhunzi, aliyejifunza kwanza kazi ya kufunga vitabu, akavisoma vitabu alivyovifunga. Volti ni jina la Alessandro Volta, Mkatoliki wa mji wa Como katika Italia, aliyetengeneza betri ya kwanza mwaka 1800. Anayebadilisha kondensateri hufuata sheria hii: ukubwa uwe ule ule, volti ziwe zile zile au zaidi kidogo, kamwe zisipungue, na joto liandikwe digrii 105, si 85. Kuna tofauti kubwa, maana joto likiongezeka digrii 10, maisha ya kikopo hupungua karibu nusu.

"Baba, tusing'oe nyingine katika redio ile mbovu?" aliuliza kijana.

"Zile nazo zimechoka. Utatengeneza leo, utaitwa tena mwezi ujao, na jina lako litaharibika. Nimeleta mpya."

Kabla ya kung'oa, kijana alichora kibao katika daftari, akatia alama upande wenye mstari. Upande huo wa kikopo ndio wa kutoa. Ukigeuzwa, kikopo kitapasuka. Chuma cha kulehemu kikapata moto. Fundi akagusa mguu mmoja, lehemu ikayeyuka, akainamisha kikopo. Akagusa mguu wa pili, kikatoka. Lehemu hii ya kawaida ni bati sehemu 60 na risasi sehemu 40, nayo huyeyuka karibu na digrii 190. Bati ni mali ya udongo wetu: watu hulichimba katika Maniema na Kivu. Njia nyembamba zinazong'aa juu ya kibao ni shaba, na shaba mnajua hutoka wapi. Tena kondensateri nyingine, zile ndogo sana zinazokaa ndani ya simu, hutengenezwa kwa koltani ya Kivu. Basi msiseme kwamba mashine hizi ni vitu vya wageni tu. Lakini risasi ni sumu. Aliyeishika lehemu anawe mikono kabla ya kula.

Vikopo vitatu vipya viliingia, mstari mahali pa mstari. Miguu iliyozidi ikakatwa. Fundi akatazama kwa kioo cha kukuza kama lehemu haikugusa njia mbili pamoja. Akaunganisha, akawaambia wote wakae mbali, akachomeka waya huku mkono mmoja ukiwa nyuma ya mgongo. Mwenye mikono miwili ndani ya mashine huweza kupitisha umeme katika moyo.

Nuru ikaja. Sekunde mbili. Sekunde kumi. Mwalimu Mkuu alikuwa akihesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, akafika mia moja, akaacha. Fundi hakufunga kioo bado. Alikiacha kiwake saa nzima, kwa kuwa ugonjwa mwingine hurudi mashine ikipata joto. Wakati ule Mwalimu Mkuu alitoa majina yote kwenye karatasi mara mbili, na moja akaiweka ndani ya sanduku la parokia.

Fundi aliomba dola 5, vikopo na kazi pamoja. Labda yule mfanyabiashara wa mjini hakujua ugonjwa wa kioo kile. Asiyejua na aseme, "Sijui." Lakini anayejua kwamba kitu kilichokufa ni cha dola 1, akamwambia mwenye shule alipe 120, amevunja amri ya saba, hata kama hakutia mkono mfukoni mwa mtu.

Si kila giza huponywa hivi. Kama vikopo vyote ni bapa na vizima, pengine mrija mmoja wa taa umekufa. Ncha zake huwa nyeusi, na siku za mwisho nuru yake huwa ya rangi ya waridi. Mrija waweza kubadilishwa na mtu mwenye mkono mwepesi. Ndani yake mna zebaki kidogo. Ukivunjika, fungueni madirisha, msiuguse kwa mikono mitupu wala msiufagie kwa nguvu. Katika vioo vya LED, taa moja ikikatika, safu nzima yaweza kuzimika. Kama fyuzi imeungua, fundi hutafuta kwanza ni nini kilichoiunguza. Anayeweka waya mahali pa fyuzi anaandaa moto. Na kama ubao wa kioo wenyewe umepasuka, hapo bei ya ubao hukaribia bei ya kioo kizima. Fundi mwaminifu atakuambia ununue kingine.

Umeme ukikatika mjini, chomoeni mashine mara moja. Mara nyingi hurudi kwa kishindo, volti zikiwa juu kuliko zipasavyo, na vikopo ndivyo vinavyopigwa kwanza. Ngojeni dakika chache baada ya taa za nyumba kutulia, ndipo mchomeke tena. Tena msiweke vitabu wala kitambaa juu ya matundu ya kioo. Sista mmoja alishona kifuniko kizuri cha maua, nacho kilikaa juu ya kioo hata kikiwa kinawaka. Kifuniko ni cha usiku.

MAULIZO

Kwa nini Mwalimu Mkuu aliweza kusoma majina kwa tochi, ijapokuwa kioo kilikuwa cheusi?

Taa ndogo ya kioo ni ya rangi ya chungwa. Utatazama nini kwanza, na kwa nini hutafungua kioo?

Fundi alichomoa waya. Kwa nini hakutia mkono mara moja?

Kikopo kilichovimba kimeandikwa mikrofaradi 470, volti 25. Dukani wana cha mikrofaradi 470, volti 16, na cha mikrofaradi 470, volti 35. Utachukua kipi? Eleza.

Kioo cha dispensari kilizimika jana mvua kubwa iliponyesha na umeme kukatika. Taa ndogo haiwaki. Soketi ina umeme, waya umejaribiwa mwingine. Andika mistari mitano: utamwambia Sista nini, naye fundi atatafuta nini ndani?